Meno Yangu, Mtihani wa Wifi

Sehemu ya Sita

Wiki iliyopita niliwaacha mezani kwa mama. Kaka yangu Delio ameshika simu, kijiko cha mama kimesimama hewani, na mimi natamani ardhi ipasuke inimeze. Mliofuatilia mnajua kwa nini. Mnaoingia leo, sogeeni, nafasi bado ipo.

Mimi ni Filomena Silveira, Mena kwa watu wangu, mzaliwa wa Tulare, California, mji wa ng'ombe wa maziwa na Wareno wenye kelele. Kazi yangu ni msaidizi wa daktari wa meno. Niliisomea miezi tisa kwenye taasisi binafsi yenye chemchemi ya maji mlangoni na mabango barabara nzima. Kijana wa kusajili wanafunzi alinivika kilemba cha ukoka, akaniambia nina uso wa kitabibu, nami nikasaini siku hiyo hiyo.

Wifi yangu Odete, mke wa Delio, naye alitaka kazi ya meno. Yeye akaenda chuo cha jamii, kile cha serikali, cha bei ya chee, ambako unakaa kwanza na watoto wa miaka kumi na minane mkisoma kemia, kisha unasubiri zamu yako ya kuingia kozi ya kusafisha meno. Alisubiri miaka miwili. Nilimcheka miaka yote miwili. Nilimwita Bi Foleni mbele ya watu.

Basi Jumapili ile nikaanzisha ubishi mwenyewe. Nilisema chuo cha jamii ni cha watu waliokosa pa kwenda. Delio akafungua ukurasa wa serikali, ule ambao unaandika jina la chuo na jina la kozi, nao unakuambia waliomaliza pale wanalipwa kiasi gani kwa mwaka.

"Nisome?" akauliza.

"Soma." Mdomo wangu huu!

"Taasisi yako, wasaidizi wa meno. Dola elfu ishirini na tano." Akapandisha miwani. "Chuo cha Odete, wasafisha meno. Elfu sabini na nne."

Kijiko cha mama kikashuka.

"Umebonyeza vibaya," nikasema.

"Nimebonyeza mara tatu, dada."

"Unalinganisha ndama na ng'ombe. Mbona Nuno Borges alisoma taasisi hiyo hiyo yangu, ufundi wa ndege, na leo anajenga nyumba ya pili?"

"Kweli," akasema Delio. "Na binamu yetu Zulmira alisoma chuo hicho hicho cha Odete, malezi ya watoto, na analipwa kidogo kuliko hata wewe. Ubaya si jengo peke yake, ni kozi gani ulichukua humo ndani. Wewe umebahatika kupata jengo la ghali na kozi ya njaa kwa pamoja."

"Nimebahatika?"

"Nimekosea neno."

"Lakini wote wawili si mnashika meno?" mama akauliza. "Mdomo si ni ule ule?"

Odete hakucheka, na hilo ndilo lililonichoma. Angecheka, ningemrushia mkate. Alikuwa ameinamia bakuli lake la sopas, supu yetu ya Kireno, anaponda mkate kwenye mchuzi bila kula.

"Wifi," akasema, "nina shida na meno yako."

Tulieni niwaeleze. Mtihani wa leseni ya kusafisha meno, wakati ule, haukufanywa kwa kalamu peke yake. Kila mwanafunzi alikuja na mgonjwa wake, akamsafisha hapo hapo mbele ya watahini. Tena si mgonjwa yeyote. Lazima awe na ugaga, ule uchafu wa meno ulioganda ukawa jiwe, tena chini ya ufizi, tena kwenye magego, tena wa kutosha. Mwenye meno safi hakufaa. Ndiyo maana wanafunzi wale walianza kuwinda midomo miezi sita kabla. Odete alikuwa amewachungulia wakamuaji wa ng'ombe, madereva wa malori, hata shemasi wa parokia yetu. Ilifika mahali watu wakimwona kanisani wanaimba wamefumba midomo.

Alikuwa amempata mtu, dereva mmoja wa lori la maziwa. Juzi yake presha ya yule bwana ikapanda, na mwenye presha ya namna ile hurudishwa mlangoni.

"Zimebaki siku saba," akasema. "Nimeangalia midomo arobaini na mmoja. Usinichukie, wifi, lakini sijaona mbaya kuliko wako."

Mama akaacha kutafuna.

"Mbaya vipi?"

"Mbaya vizuri! Magego ya upande wa kulia hasa. Niliona siku ya ubatizo ulipocheka."

Niungame sasa hivi, maana ndicho tulichokusanyikia hapa. Mimi, ninayeshinda kliniki ya meno siku tano kwa wiki, nilikuwa sijasafishwa meno miaka saba. Naviogopa vile vyuma tangu utotoni. Nawashika wagonjwa mkono, nawaambia haiumi, kisha navuta barakoa yangu juu. Bi Verna, msafisha meno wa kliniki yetu, alikuwa amenibembeleza mpaka akachoka.

"Mpe mwenzako, Mena," mama akasema. "Huo uchafu unauwekea nini?"

"Nitakulipa," Odete akasema. "Dola mia mbili na chakula cha mchana. Sote tunawalipa wagonjwa wetu. Yule dereva ningempa mia tatu."

"Kwa hiyo mimi ni wa mia mbili?"

"Wewe ni ndugu."

Delio alicheka mpaka akapaliwa na soseji. Nami nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa tabasamu la midomo iliyofungwa.

Kuna jambo hawakulitaja mezani, na mliosoma sehemu ya tano mnalijua. Bi Verna alikuwa anastaafu. Daktari Pruitt, mwajiri wangu wa miaka sita, alitafuta mtu wa kushika nafasi yake, na katika wilaya nzima akamwona Odete. Akipata leseni tu, anaanza kwa dola arobaini na nne kwa saa. Mimi napata kumi na tano na senti kidogo. Chumba kile kile. Mimi nimchemshie vyuma, niwafunge wagonjwa wake bibu, kile kitambaa cha kifuani, nishike bomba la kunyonya mate wakati yeye anafanya kazi ya watu.

Nilimwonea wivu. Nilifika hatua ya kumhesabia viatu. Mama akisema, "Odete amenipigia," mimi nasikia, "Wewe hukunipigia." Siku moja mama yangu mzazi alimsifu mbele yangu: "Nyota njema huonekana asubuhi. Yule nilimjua tangu siku aliyoletwa." Nikataka kumuuliza, na mimi je, mama? Mimi ni nyota ya saa ngapi? Sikuuliza, kwa kuogopa jibu.

Jumatano Daktari Pruitt akaniita ofisini. Nikaenda mbio, maana tangu mwaka mpya nilikuwa nimeomba mara mbili niongezwe mshahara.

"Mena, una mikono mizuri," akasema.

"Asante, Daktari."

"Basi niunganishie hiki." Akasukuma boksi kwa mguu. Ndani mlikuwa na kiti kipya cha magurudumu, cha ngozi, cha kukalia mtu anayesafisha meno. "Cha wifi yako. Anapenda rangi ya bluu, sivyo?"

Kiti changu mimi kimefungwa plasta miaka mitatu.

Nikapiga magoti, nikashika bisibisi. Na hapo chini, katikati ya skrubu za Odete, wazo likanijia. Odete anahitaji mdomo mchafu. Mdomo ni wangu. Nani amesema ni lazima uwe mchafu mpaka Jumapili?

Nikikataa kwenda, nyumba nzima itanilaani. Lakini nikienda kwa heshima zote, nikakaa, nikafungua mdomo, watahini wakakuta meno yanang'aa, kosa ni la nani? Nitasema, pole wifi, labda siku ya ubatizo hukuona vizuri. Mtihani mwingine ni baada ya miezi minne. Daktari Pruitt hawezi kukaa miezi minne bila msafisha meno. Angetafuta mtu mwingine, mtu nisiyemjua, nisiyekaa naye meza moja kila Jumapili. Mgeni ningemvumilia hata akilipwa dola mia.

Ndiyo, nilikuwa na roho ya korosho. Sijitetei.

Ijumaa daktari huondoka mchana. Mgonjwa wa mwisho alipotoka nikamfuata Bi Verna, akiwa anakusanya vitu vyake.

"Bi Verna, nimepata moyo. Nisafishe."

Yule mama alishika kifua. "Miaka sita nakuomba, Mena!"

"Nataka uwe wewe kabla hujaondoka. Lakini usiandike kwenye faili, tafadhali. Naona aibu."

"Daktari hataki tufanye lolote asipokuwepo."

"Ni mimi tu, Bi Verna."

Akanitazama kwa huruma, akavaa glavu. "Haya. Iwe zawadi yangu ya kuagana."

Akaanza upande wa kulia. Naomba nisieleze. Nilifumba macho, nikashika mikono ya kiti, na kila jiwe lililong'oka nilijiambia, hilo ni dola arobaini na nne, na hilo, na hilo. Alimaliza meno ya chini, akamaliza ya juu, akanipa maji nisukutue.

"Una bahati na wifi yako," akasema huku akibadilisha chuma.

"Kwa nini?" Nikatema damu kwenye bakuli.

"Si ndiye aliyekuokoa? Oh." Akaziba mdomo kwa mkono wa glavu. "Hawajakwambia."

"Niambie."

"Alituomba tunyamaze. Alisema utajisikia vibaya."

"Bi Verna, niambie sasa hivi."

Akakaa. "Mwezi wa tano Daktari alitaka kukuachisha. Ile taasisi yenu inamletea wanafunzi wa mazoezi kila baada ya wiki sita, bure. Akasema, kwa nini nilipie kitu ninacholetewa bure? Barua yako ilikuwa tayari. Ndipo Odete akaja kwenye usaili. Nilikuwepo, nimeshika faili. Akamwambia, 'Mena asipokuwa msaidizi wangu, sisaini mkataba.' Daktari akanywea. Wasafisha meno ni adimu, mpenzi. Wasaidizi wanaokotwa."

Mnangoja niseme moyo wangu ulilainika. Haukulainika. Uliwaka upya! Kumbe hata zile dola kumi na tano nilikuwa nazila kwa hisani yake. Kumbe alinibeba mgongoni miezi yote ile, na hakuwa hata na uungwana wa kujivunia ili nipate kumchukia vizuri.

Kisha akili ikafanya kazi yake, kwa kuchelewa, kama kawaida yangu. Odete akifeli, hasaini. Asiposaini, hakuna sharti. Pasipo sharti, barua yangu inatoka kwenye droo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimeshafika kiunoni.

Bi Verna akainua chuma. "Haya, tuhamie kushoto."

"Usiguse!" Niliinuka nikagonga kichwa kwenye taa. "Kushoto usiguse!"

"Mena, hakuna mtu anayeondoka na nusu mdomo."

"Mimi naondoka nayo."

Jumapili saa kumi na moja alfajiri Odete akanipitia kwa gari. Chuo cha kufanyia mtihani kilikuwa mwendo wa saa moja kaskazini. Alikuwa amenioka mkate mtamu ili sukari yangu isishuke, maana mgonjwa akizimia mtihani umekwisha. Mkate ulikuwa bado wa moto. Nilitafuna upande wa kushoto.

"Wifi," nikasema tulipofika barabara kuu, "upande wa kulia unaniuma. Fanya kushoto."

"Karatasi zangu zote nimeandika kulia."

"Jumatatu uliponipiga picha za eksirei, si ulipiga za pande zote mbili?"

"Nilipiga. Lakini nimejifunza upande wako wa kulia, wifi. Nimekariri."

"Kumevimba. Ukigusa nitaruka, na watahini wataona hujui kazi."

Akasimamisha gari kando. "Fungua nione."

"Hata kufungua kunauma. Acha niutunze mdomo kwa ajili ya mtihani."

Alinitazama sana. Nikajua ameshanigundua, nikaanza kutafuta maneno. Akatoa kalamu, akakata neno "kulia" kwenye fomu, akaandika "kushoto" juu yake.

"Asante kwa kuniambia mapema," akasema.

Aliniambia asante! Nikageukia dirishani mpaka tukafika.

Ukumbi ule sijapata kuona mfano wake. Viti arobaini, wanafunzi arobaini waliokauka midomo, na wagonjwa arobaini wenye midomo ya aibu wanaobembelezwa kama maharusi. Binti mmoja alikuwa analia kwenye simu, mgonjwa wake hajatokea. Mwenzake alikuwa anamshawishi mfagiaji afungue mdomo. Mlangoni alisimama jamaa mwenye kofia, anapita kwa kila anayelia: "Ugaga? Nina ugaga wa uhakika, magego yote. Mia nne, pesa mkononi." Na walikuwa wanamfuata.

Odete akanifunga bibu. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Utaingia peke yako," akasema. "Sisi haturuhusiwi kwenda nawe, na wao hawajui wewe ni wa nani, wanaona namba tu. Namba yetu ni kumi na saba. Ukirudi na karatasi ya kijani, naanza kazi. Ya nyekundu, nimekwisha."

"Itakuwa kijani."

"Unadhani?"

"Si ulisema mdomo wangu ni mbaya kuliko yote?"

Akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Nikaenda nyuma ya pazia.

Mtahini alikuwa mama mtu mzima mwenye nywele nyeupe na sauti ya upole. Akapima presha, akanilaza, akaingia kushoto na chuma chembamba.

"Vizuri sana," akasema. "Ugaga wa kutosha kabisa. Mahali panapofaa."

Ilikuwa siku ya kwanza maishani mtu kuusifia mdomo wangu. Nusura nimkumbatie.

"Sasa fungua zaidi. Sheria inataka tuone mdomo mzima."

Chuma kikavuka kwenda kulia. Kikasimama. Kikagusa tena, taratibu. Akainua mkono kumwita mwenzake, mwanamume mrefu, naye akachungulia.

"Yamesafishwa juzi," yule mwanamume akasema. "Ufizi bado mwekundu."

"Tazama na fomu," yule mama akasema. "Iliandikwa kulia. Imekatwa."

Wakatazamana. Kisha yule mama akanikalisha.

"Mwanafunzi wako alikufanyia mazoezi nyumbani?"

"Nani?"

"Usiogope, wewe huna kosa. Tumeyaona haya. Mwanafunzi anaanza kumkwangua mgonjwa nyumbani ili siku ya mtihani kazi iwe nyepesi. Akiona amezidisha, anahamia upande wa pili na kubadilisha fomu. Huo ni wizi wa mtihani. Kumi na saba hatutamfelisha. Tutamfuta. Hatakaa tena kwenye mtihani huu."

Nilikuwa nimemtakia Odete miezi minne. Walikuwa wananipa maisha yake yote.

Na sikilizeni nilichokiwaza, maana nimeapa kuwaambia yote. Niliwaza: nyamaza. Hakuna atakayejua. Bi Verna yuko njiani kustaafu, hatasema. Kazi ya kumi na tano utapata nyingine, hata ya kupanga rafu. Lakini wifi wa kukaa chini yako kwenye meza ya mama hutampata tena. Mama atamhurumia, na wewe utamhurumia pia. Niliuonja utamu wa kumhurumia Odete, na ulikuwa mtamu kuliko mkate alionioka.

"Si yeye," mdomo wangu ukasema.

"Samahani?"

"Hakunigusa. Hajui lolote. Ni mimi niliyesafishwa, kazini kwangu."

Yule mama akatoa karatasi kwenye mkoba. "Basi andika na usaini. Nani alikusafisha, lini, na kwa nini. Aliyekusafisha tutampigia simu sasa hivi. Ikithibitika, mwanafunzi ataruhusiwa kuendelea upande wa kushoto. Lakini lazima asome maelezo yako kwanza, ni haki yake. Una dakika tano."

Nani. Nikaandika jina la Bi Verna, mwezi mmoja kabla hajastaafu, aliyenifanyia hisani bila faili na daktari hayupo. Lini. Ijumaa, saa tisa alasiri.

Kwa nini.

Niliandika "maumivu", nikakata. Niliandika "nilisahau", nikakata. Yule mwanamume mrefu alikuwa kwenye kona na simu sikioni, nikamsikia akisema, "Bi Verna? Samahani kwa kukusumbua Jumapili." Bi Verna hajui kudanganya. Angewaambia hata nilivyogonga kichwa kwenye taa.

Nikaandika: Kwa sababu ninamwonea wivu. Ni wifi yangu. Nilitaka afeli.

Yule mama alisoma amesimama. Akamtazama mwenzake aliyeshika simu, naye akaitikia kwa kichwa. Akaichukua ile karatasi, akabandika juu yake nyingine ya kijani, akatoka nazo nje ya pazia. Mimi nikabaki na bibu yangu kifuani.

Waliponirudisha, Odete alikuwa amekaa kwenye kiti chake, barakoa imepanda, glavu zimevaliwa, ameshika maelezo yangu. Nadhani alikuwa ameshayasoma mara mbili, maana macho yake hayakuwa yanatembea tena. Juu ya barakoa sikuona machozi wala hasira. Niliona macho ya mtu anayetazama picha ya eksirei.

"Odete," nikasema.

"Lala."

Nikalala. Akakunja ile karatasi mara mbili, akaiweka mfuko wa kifuani, upande wa moyo, akaufunga kwa kifungo. Ukutani saa ikaanza kuhesabu. Alikuwa na dakika tisini, vyuma saba vilivyonolewa, na mdomo wangu. Watahini walikuwa wanapita katikati ya viti. Nikilalamika, anapoteza alama. Nikiinuka, amefeli. Naye alijua, na alijua kwamba najua.

Akavuta taa, akaishusha usoni kwangu.

"Mama ametuandalia chakula saa nane," akasema kwa sauti ya kazini, ndogo, ya kusikika na mimi peke yangu. "Mwezi wa tano nilimwomba Pruitt kwa ajili yako, na mama ndiye aliyenituma. Alisikia fununu kanisani, akalia kwangu, wifi, kwamba mwanawe ataachishwa. Ulidhani nampigia simu kumuuliza habari zake?"

Nikashika mikono ya kiti.

"Sasa karatasi hii," akasema, akichagua chuma kilicho chembamba kuliko vyote, "utamsomea mwenyewe, au nimsomee mimi?"

Nikafungua mdomo nijibu. Akaingiza chuma.